Mtaa Mkubwa, Transfoma Ndogo

Katika nyumba ya Cheche, kila siku ilianza kwa kuombana ruhusa.

"Mama Vifaranga, naweza kuchoma?"

"Ngoja kwanza. Nimefungua mlango wa mashine, joto limeshuka."

"Dakika ngapi?"

"Kumi."

"Jana ulisema kumi, nikakaa nusu saa."

"Na wewe juzi ulisema unagusa mara moja tu. Ukachoma geti zima!"

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika. Hata mama yake mzazi alimwita Cheche. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, chini ya paa la bati. Hapo alitengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma.

Nyuma ya nyumba, katika chumba kilichokuwa cha wageni, mkewe alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga. Ilikuwa sanduku kubwa kama kabati la nguo. Ndani mlikuwa na trei za mayai mia tatu, kipasha joto na feni ndogo. Mayai hukaa humo siku ishirini na moja. Joto halitakiwi kupanda wala kushuka. Linatakiwa kusimama pale pale, nyuzi thelathini na saba na nusu, mchana na usiku. Kwa kazi hiyo majirani walimwita Mama Vifaranga, naye alilipenda jina hilo.

Tatizo lilikuwa moja. Cheche akigusa chuma, taa za nyumba nzima zilifumba macho. Feni ya mashine ya mayai ilipunguza mwendo kama mtu anayesinzia. Kipasha joto kilipoa.

Bibi, mama yake Cheche, alikaa katikati ya nyumba kama mwamuzi wa mpira.

"Nyinyi watu wa ajabu," alisema akicheka. "Mume anazalisha milango. Mke anazalisha kuku. Na wote wawili mnanyonya ziwa moja!"

Zamani haikuwa hivyo. Cheche alipojenga hapo, mtaa ulikuwa na nyumba tisa. Jioni watu waliwasha balbu, wakala, wakalala. Kisha barabara ikatiwa lami. Baada ya lami likajengwa soko. Baada ya soko watu wakaja kama sisimizi kwenye sukari. Alikuja seremala na msumeno wa umeme. Ikaja mashine ya kusaga nafaka. Wakaja mafundi cherehani, vinyozi, na mwenye duka la vinywaji baridi mwenye majokofu matatu. Hapakuwa tena na kiwanja kitupu.

Lakini transfoma iliyoning'inia kwenye nguzo ya njia panda ilikuwa ile ile ya nyumba tisa. Mtaa ulikuwa umenenepa, na shati lilikuwa bado la utotoni.

*

Siku ya kumi na tisa ya mayai, Mama Vifaranga alikwenda ng'ambo ya mto kuonana na wateja wake. Walikuwa kikundi cha wanawake wafugaji. Waliagiza vifaranga mia mbili na hamsini, na walikuwa wamekwisha kujenga mabanda.

"Baba watoto," alimwambia mumewe kabla ya kutoka, "leo usichome mpaka nirudi. Tafadhali. Zimebaki siku mbili."

"Nenda kwa amani," alisema Cheche.

Naye alikusudia hivyo kweli. Lakini saa tatu akaja msimamizi wa zahanati. Geti la zahanati lilikuwa limeanguka, na ng'ombe wa watu walikuwa wakiingia mpaka mlango wa wagonjwa.

"Fundi, nisaidie," alisema. "Leo hii."

Cheche akatazama geti lililoletwa kwenye mkokoteni. Akatazama mlango wa chumba cha nyuma. Akajiambia, nitachoma kidogo, nitapumzika, nitachoma tena. Hakujua kwamba asubuhi hiyo seremala naye alikuwa anapasua mbao za kitanda, na foleni kwenye mashine ya kusaga ilikuwa imefika barabarani. Umeme wa mtaa mzima ulikuwa umelegea kama uji mwepesi.

Mama Vifaranga aliporudi saa nane, alikwenda moja kwa moja kwenye kipimajoto. Kilisoma nyuzi thelathini.

Hakupiga kelele. Alifunga mlango wa chumba polepole, akakaa kitini.

Siku ya ishirini na moja wale wanawake walikuja na maboksi yao. Walikuwa sita, wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda kupokea mgeni. Katika mayai mia tatu walikuwa wametotolewa vifaranga thelathini na nane. Wengine walishindwa hata kusimama.

Mwenyekiti wao aliinama, akamwokota mmoja, akamweka kiganjani.

"Haya ndiyo majibu ya Mungu?" aliuliza kwa upole.

"Si Mungu, dada," alijibu Mama Vifaranga. "Ni umeme. Na ni sisi."

Wanawake waliondoka na maboksi matupu. Cheche alisimama karakanani, miwani yake myeusi mkononi, asijue aitazame nchi au mbingu.

*

Mtu mwenye majuto hutaka kutengeneza mambo haraka, na haraka haina baraka. Siku ya pili Cheche alikwenda kwa seremala.

"Jirani, nyumba yako inapata umeme kwa waya wa upande wa pili wa barabara," alisema. "Nivushie kidogo. Mimi nichomee kwako, mke wangu abaki na wa nyumbani."

"Ujirani ni kufaana," alisema seremala. "Vuta tu."

Cheche akavuta waya. Ulikuwa waya mwembamba wa taa, kwa kuwa ndio aliokuwa nao. Aliupitisha chini ya dari ya mama mmoja fundi cherehani, akauingiza karakanani kwake. Mama Vifaranga alipouona alikunja uso.

"Waya huo unaweza?"

"Utaweza. Ni wa muda tu."

Saa tano asubuhi Bibi alinusa hewa.

"Nani anaunguza mpira?"

Moshi ulikuwa unatoka kwa fundi cherehani. Waya ulikuwa umepata moto, ganda lake likayeyuka, na matone yakaangukia furushi la vitambaa chini ya dari. Watu wakakimbia na ndoo.

"Si maji!" Mama Vifaranga alipiga kelele akiwa amenyoosha mikono mlangoni. "Msimwage maji kwenye umeme! Seremala, zima swichi kubwa! Leteni mchanga!"

Seremala akakimbia kuzima. Wakamwaga mchanga, moto ukafa. Hakuna aliyeumia. Liliungua furushi moja la sare za shule na ubao wa dari. Fundi cherehani alikaa chini, akanyoosha kidole palipoungua.

"Ningekuwa nimeegemea hapo," alisema. "Kila siku mimi huegemea hapo."

Cheche aliukata waya ule mwenyewe. Jioni alipanda darini kuweka ubao mpya, akaahidi kulipa vitambaa.

*

Siku mbili baadaye gari la kampuni ya umeme lilisimama njia panda. Akashuka mwanamke wa makamo, kofia ngumu kichwani, viatu vizito, mifuko ya suruali imejaa vifaa. Katika kampuni walimwita Mama Nguzo, kwa kuwa alipotembea hakutazama chini wala mbele. Alitazama juu.

Habari zilimtangulia. Mtaani kote, nyaya za kuvushiana zikavutwa ndani upesi kama nguo zilizoanikwa mvua inapokuja. Mama Nguzo alipofika kwa Cheche alimkuta Bibi mlangoni, amejaa mlango wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama ni umeme, sisi tuna balbu mbili tu. Na moja imeungua."

"Balbu mbili?"

"Mbili."

Mle ndani vifaranga thelathini na nane wakaanza kulia kwa pamoja. Nyuma ya Bibi lilionekana geti la chuma la mita tatu.

Mama Nguzo akacheka mpaka kofia ikamshuka usoni.

"Mama, balbu zako hizo zinalia njaa," alisema.

Hata Bibi akashindwa kujizuia. Alisogea pembeni. "Ingia basi. Lakini ukikata umeme wetu, utalala hapa hapa ukitulelea kuku hawa kwa pumzi yako."

"Sikuja kukata. Nimekuja kupima. Transfoma yenu inachemka. Nataka kujua inabeba nini."

Alipima umeme kwenye swichi kuu. Kisha akamwomba Cheche achome kidogo. Cheche akachoma. Mama Nguzo akamwonyesha Mama Vifaranga namba kwenye kipimo chake.

"Hapa panatakiwa volti mia mbili na thelathini. Soma mwenyewe."

"Mia moja sitini na nane," alisoma Mama Vifaranga. "Ndiyo maana kipasha joto kinapoa."

"Ndiyo maana. Na mota za majirani zinaungua kwa sababu hiyo hiyo. Umeme ukipungua, mota hujikaza kama mtu anayesukuma gari mlimani."

Seremala alikuwa amesimama dirishani, akijifanya anapita. Hakuweza kunyamaza.

"Basi mngeleta transfoma kubwa! Lakini kampuni haitupendi sisi watu wa huku. Inawapenda wa mjini."

"Wewe seremala, unawapenda wateja wako?" aliuliza Mama Nguzo.

"Napenda waje wanunue vitanda."

"Na kampuni ni hivyo hivyo. Inauza umeme. Inapenda waje wanunue." Akamgeukia Mama Vifaranga. "Dada, hebu nikuulize. Ukiweka mayai kumi tu kwenye mashine hii, umeme utakaotumia ni mdogo sana kuliko ukiweka mia tatu?"

"Hapana. Ni karibu ule ule. Sanduku ni lile lile, feni ni ile ile. Kuweka kumi ni hasara."

"Umekwisha kuielewa kampuni ya umeme," alisema Mama Nguzo. "Nguzo, nyaya na transfoma ndiyo mashine yetu. Tukishavisimika, gharama imeingia. Vikihudumia nyumba tisa, gharama ni ile ile. Vikihudumia tisini, kila nyumba inabeba sehemu ndogo. Mimi niko katika watu waliochimba mashimo ya nguzo zenu hizi, nikiwa kibarua. Nguzo mia na arobaini, kwa ajili ya nyumba tisa za balbu! Mkubwa wetu alikuwa akipita hapa anashika kichwa."

"Maskini," alisema Bibi.

"Na si hivyo tu. Balbu zenu ziliwaka jioni peke yake. Kutoka asubuhi mpaka magharibi, nyaya zililala. Zilikuwa kama trei tupu. Sasa ninyi mmeleta misumeno, majokofu, mashine za kusaga, mashine za kuchomelea. Vyote hivyo vinafanya kazi mchana. Trei zinajaa! Mtaa ukikua, kampuni inaneemeka. Umeme unaouzwa unaongezeka, na njia ni ile ile."

"Kama tunawaneemesha," alisema seremala, "mbona tunaumia?"

Mama Nguzo akatoa karatasi.

"Kwa sababu kampuni haiwajui. Karatasi hii inasema mtaa wenu una wateja sitini na mmoja, na wote wameandikwa kuwa ni wa taa. Hakuna mahali imeandikwa kuna msumeno. Hakuna mashine ya kuchomelea. Hakuna mayai. Transfoma kubwa ipo moja msimu huu, na mitaa mitatu inaitaka. Ofisi itauonaje mtaa wenu ikiwa mmejificha nyuma ya balbu?"

Cheche alitazama viatu vyake.

"Nilipoanza kazi ya vyuma," alisema, "sikuwaambia. Nilidhani mkijua mtanikatia."

"Ukuaji uliofichwa ni hasara kwa pande zote," alisema Mama Nguzo. "Transfoma ikiungua, kampuni inapoteza transfoma, nanyi mnapoteza kazi. Umeme ukipita kwenye waya mwembamba, unapotea njiani kwa joto. Nasikia juzi mmeona joto hilo kwa macho."

"Tumeliona," alisema Cheche taratibu.

"Nitawaambia ukweli, sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nyaya zote za kuvushiana zishuke leo. Atakayeendelea nazo atakatiwa, na mimi ndiye nitakayepanda ngazi. Lakini atakayekuja mwenyewe kujiandikisha, ataunganishwa kwa utaratibu. Fundi, mashine yako inahitaji umeme wa njia tatu. Huo ni umeme wa nyaya tatu zinazogawana mzigo, badala ya waya mmoja kubeba peke yake. Na mita yako iwe mbali na ya mayai."

"Kila mtu na ziwa lake," alisema Bibi.

*

Mama Nguzo alitakiwa kupeleka ripoti baada ya siku kumi. Mama Vifaranga hakungoja. Alinunua daftari, akaanza kupita mlango kwa mlango.

"Shoga, una mashine gani? Naomba nione kile kibati chake."

Alikuwa amefundishwa na Mama Nguzo. Kila mashine ya umeme ina kibati au karatasi iliyobandikwa, na hapo imeandikwa ukubwa wake. Mama Vifaranga aliandika ukubwa, saa za kazi, na kama mwenye mashine ana mita yake au anavuta kwa jirani. Alisugua mafuta na vumbi la mbao kwa kanga yake mpaka namba zionekane. Jua lilimkuta barabarani, likamwacha barabarani.

Wengine walimkaribisha. Wengine walimfungia mlango. Mwenye majokofu alimwambia, "Wewe umekuwa mpelelezi wa kampuni lini?" Seremala, ambaye ndiye aliyemvushia Cheche umeme, alikataa kabisa.

"Mimi simwandikii mtu mashine zangu," alisema. "Leo wanaandika, kesho wanakata."

"Jirani, mota ya msumeno wako imeungua mara ngapi mwaka huu?"

Seremala akakuna kichwa. "Mara mbili."

"Na ile ya zamani?"

"Hiyo ni ya tatu."

"Kwa hiyo umeme umekwisha kukukatia mara tatu, na hakuna mtu wa kampuni aliyepanda ngazi."

Seremala akacheka kicheko cha mtu aliyeshindwa kwa haki.

"Andika," alisema. "Msumeno mmoja, randa moja. Na andika kwamba nikipata umeme wa kweli, nitaleta mashine ya kuchonga miguu ya viti. Nimeiota miaka miwili."

Neno hilo lilimpa Mama Vifaranga wazo. Akarudi kwa watu wote na swali jipya: ungepata umeme wa kutosha, ungeongeza nini? Mwenye majokofu, yule yule aliyemwita mpelelezi, alijibu kwamba angefungua chumba cha baridi cha kuhifadhi nyama ya soko zima. Fundi cherehani alitaka mashine nne na wanafunzi wanne. Daftari lilianza kusomeka kama ndoto ya mtaa.

Siku ya kumi walikwenda ofisini kwa kampuni. Walikuwa Mama Vifaranga, Cheche na seremala. Meneja wa tawi alikuwa mtu wa maneno machache. Kwanza Mama Nguzo alionyesha vipimo vyake vya wiki nzima, saa kwa saa. Kisha meneja akamgeukia Mama Vifaranga.

"Nimeambiwa una daftari."

Mama Vifaranga alilifungua juu ya meza.

"Bwana meneja, mtaa wetu una sehemu hamsini na nane zenye mashine. Ishirini na mbili zina mota. Watu kumi na tisa walikuwa wakivuta kwa jirani. Nyaya hizo zimeshushwa, na wote wanaomba mita zao. Saa zetu za kazi ni saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja. Kurasa hizi za mwisho ni za mashine tutakazoleta umeme ukitosha."

Meneja alisoma ukurasa kwa ukurasa. Alirudi nyuma, akasoma tena.

"Nikiwaletea transfoma kubwa," aliuliza, "halafu biashara ikahama je? Nimewahi kuona. Nguzo zinabaki, watu wanaondoka."

Cheche alitaka kujibu, lakini mkewe alikuwa amemtangulia.

"Barabara haihami. Soko halihami. Na mtu aliyejenga chumba cha baridi hahami. Bwana meneja, sisi tulidhani tunakuja hapa kuomba msaada. Sasa nimeelewa kwamba tumekuja kununua. Sisi ni wanunuzi wenu wa mchana."

Meneja akamtazama Mama Nguzo. Mama Nguzo akatazama dari, lakini alikuwa anatabasamu.

"Miaka yote niliyokaa hapa," alisema meneja, "watu huja kulalamika. Hakuna aliyewahi kuniletea mtaa mzima kwenye daftari."

*

Jibu lilichukua wiki saba. Hapo katikati hawakukaa bure. Mama Vifaranga na majirani walipanga zamu. Seremala alipasua mbao asubuhi, Cheche alichoma mchana, mashine ya kusaga ilisubiri jioni. Zamu hazikuwa dawa, lakini zilipunguza homa. Mayai yaliyofuata yalitoa vifaranga mia moja na tisini. Wanawake wa ng'ambo ya mto walichukua wote, wakasema watarudi.

Kisha asubuhi moja lori likaja na transfoma mpya, kubwa kama ng'ombe. Mafundi walisimika nguzo mbili nene, wakavuta nyaya mpya. Mtaa mzima ulisimama kutazama. Bibi alileta kiti chake mwenyewe, akakaa mbele kama mgeni rasmi.

Cheche alipata mita yake na umeme wa njia tatu. Wale kumi na tisa walipata mita zao. Mama Nguzo alipima tena kwenye swichi ya Mama Vifaranga, huku Cheche akichoma, seremala akipasua, na mashine ya kusaga ikinguruma. Volti mia mbili ishirini na nane.

"Bado anachoma?" aliuliza Mama Vifaranga. Hakuamini.

Walitoka nje wakatazama. Cheche alikuwa ameinama juu ya geti, na cheche zilikuwa zinaruka mpaka kwenye kiti cha Bibi.

Mayai ya mwezi ule yalitoa vifaranga mia mbili sitini na nne.

*

Mwaka ulipita. Seremala alileta mashine yake ya miguu ya viti. Chumba cha baridi kilifunguliwa. Fundi cherehani alikuwa na wanafunzi watatu, na alikuwa akimtafuta wa nne. Kwa upande wa kampuni, mambo yalikuwa mazuri zaidi ya matumaini. Umeme uliouzwa mtaani ulikuwa mara nne ya zamani. Transfoma haikuungua hata mara moja. Gari la dharura, lililokuwa likija karibu kila wiki, lilisahau njia. Kampuni iliajiri vijana wawili wa mtaa kuwa mafundi wa nyaya. Na vile vyuma vya kushikia nyaya juu ya nguzo, vilivyokuwa vikitoka mji wa mbali, sasa vilitoka karakanani kwa Cheche. Mama Nguzo alivikagua kimoja kimoja, akakataa viwili, akapokea vilivyobaki.

"Kampuni inakuuzia umeme, wewe unaiuzia chuma," Bibi alimwambia mwanawe. "Sasa nani ni mteja wa nani?"

Siku moja Mama Nguzo alikuja kumchukua Mama Vifaranga kwa gari. Walivuka mto. Katika njia ya vumbi, wafanyakazi walikuwa wanashusha nguzo. Wale wanawake wafugaji walikuwa wamesimama kando, wengine na vifaranga wao walioshakuwa kuku wakubwa miguuni.

"Umeme unafika kweli?" mwenyekiti wao aliuliza. "Tumeahidiwa tangu nikiwa msichana. Kampuni imetukumbuka vipi leo?"

"Zamani isingeweza," alijibu Mama Nguzo. "Kuvuka mto huu ni ghali, na nyumba zenu ni chache. Lakini mitaa kama wa huyu dada ndiyo imetupa nguvu. Mauzo ya kule yanavusha nguzo huku. Na tunavuka kwa sababu tunaamini nanyi mtakua."

Mama Vifaranga alitazama safu ya nguzo zilizolala chini, zikingoja mashimo. Alimshika yule mwenyekiti mkono.

"Dada, msifanye kosa letu," alisema. "Sisi tulikaa miaka tukijificha nyuma ya balbu mbili. Msiseme mnataka taa tu, kama si taa tu mnazotaka. Semeni sasa, kabla transfoma haijachaguliwa ukubwa."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akamsukuma mwenzake. Mwishowe alijitokeza mama mwembamba aliyekuwa nyuma kabisa.

"Mimi nalima alizeti," alisema kwa aibu. "Nataka mashine ya kukamua mafuta. Naweza kusema hivyo?"

"Kubwa kiasi gani?" aliuliza Mama Nguzo, na akatoa kalamu.